Mzazi, unaikumbuka gemu au unawakumbuka wenzako?

Jumamosi moja mchana, baba mmoja mkazi wa Dar es Salaam alirudi nyumbani kutoka Kariakoo akiwa amekumbatia boksi lililofungwa kwa kamba. Mkewe alidhani ni blenda mpya. Watoto walidhani ni viatu vya shule. Alipolifungua sebuleni, ndani kulikuwa na PlayStation 2 iliyotumika, pedi mbili, memori kadi moja na CD tano zenye michubuko.

Ana miaka 36, ana kazi na familia, na siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa amemiliki mashine ambayo akiwa kidato cha pili alikuwa akiilipia kwa sarafu kwenye kibanda cha gemu mtaani kwao.

Hakuinunua kwa ajili yake peke yake, au ndivyo alivyojiambia. Wiki mbili kabla, mwalimu wa darasa alikuwa amempigia simu na kumweleza kwamba mwanawe wa darasa la sita, mwenye miaka 12, analala darasani. Usiku huo mama aliamka saa nane kwenda kumwangalia, akakuta mwanga wa bluu ndani ya chandarua. Mtoto alikuwa akicheza gemu kwa simu ya zamani ya mama yake, sauti ameizima, intaneti anaivuta kutoka kwenye simu ya dada yake aliyelala.

Simu ikachukuliwa na kufungiwa kabatini. Mtoto akaacha kulala darasani, lakini akaacha pia kuzungumza na baba yake. Anaamkia asubuhi kama kawaida, akiulizwa swali anajibu "ndiyo baba" au "hapana baba", kisha anaingia chumbani.

Ndipo baba akapata wazo. Kama kijana anapenda gemu, basi acheze zile zenye akili, zile za enzi zetu. Wacheze wawili, baba na mwana.

Dakika ishirini tu

Kuiunganisha mashine ile kulichukua karibu saa nzima. Runinga za siku hizi ni bapa, na nyingine hazina matundu ya zile nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu zilizokuwa zinachomekwa kwenye runinga za chogo. Fundi wa mtaani akaja na kifaa cha kuunganishia, hatimaye picha ikatokea. Baba alipousikia mlio wa kuwaka kwa mashine, alitabasamu peke yake.

Mechi ya kwanza mtoto alicheza kwa adabu. Ya pili akaanza kuuliza maswali.

"Baba, mbona wachezaji wote wana sura moja?"

"Baba, sasa hapa tunacheza na nani mwingine?"

"Mimi na wewe," baba akajibu.

Zilipopita dakika ishirini, mtoto akaweka pedi chini taratibu na kuomba ruhusa ya kwenda nje. Baba akamruhusu, akaendelea kucheza na kompyuta mpaka karibu na magharibi. Mechi ya mwisho alishinda mabao manne kwa bila. Sebule ilikuwa kimya.

"Umeshinda?" mkewe akamuuliza akitokea jikoni.

"Nimeshinda."

"Sasa mbona umenuna?"

Hakuwa na jibu. Mkewe akacheka, akamwambia neno ambalo wazazi wengi wa rika lao wangefaa kulisikia: "Wewe gemu hukuikumbuka. Umewakumbuka wenzako."

Ugonjwa uliogeuka kuwa dawa

Hamu ya siku zilizopita ina historia ndefu katika tiba. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Basel nchini Uswisi, Johannes Hofer, aliandika tasnifu kuhusu vijana waliougua wakiwa mbali na kwao. Aliuita ugonjwa huo nostalgia, jina aliloliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Kwa muda mrefu madaktari waliendelea kuihesabu hali hiyo kuwa maradhi, hasa kwa askari waliokuwa vitani nchi za mbali.

Leo wataalamu wa saikolojia wanaitazama tofauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza, wakiwamo Constantine Sedikides na Tim Wildschut, wamefanya kazi kubwa juu ya jambo hili. Walichobaini ni kwamba hamu ya zamani mara nyingi humjia mtu anapokuwa mpweke au mwenye huzuni, na kwamba ikishakuja humpa hisia kwamba bado ana watu wake. Pia waliona kuwa mtu anaposimulia kumbukumbu ya namna hiyo, kwa kawaida haikosi watu wengine ndani yake: ndugu, rafiki, jirani, mpenzi.

Kuna jambo jingine linalofahamika kuhusu kumbukumbu. Watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wakiulizwa juu ya maisha yao, hukumbuka zaidi mambo waliyoyapitia kati ya takriban miaka 10 na 30. Huo ndio umri wa mambo mengi ya mara ya kwanza: rafiki wa kwanza wa kweli, fedha ya kwanza ya kutunza mwenyewe, safari ya kwanza bila mzazi. Gemu ya umri huo hubaki kichwani pamoja na watu na mahali ilipochezwa.

Kwa hiyo mzazi anayejikuta saa tano usiku akitafuta video za gemu alizocheza utotoni hana haja ya kujiona mtoto wala mgonjwa. Inafaa tu ajiulize: ni nani nimemkosa? Ni lini mara ya mwisho nilicheka na wenzangu bila kuangalia saa?

Gemu zilizokuwa na mwisho

Waliokua miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wanazijua gemu hizi hata kama majina yamewatoka. Kulikuwa na Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ambayo wengi waliicheza kwenye mashine za kuiga zilizotumia kaseti; kaseti ikigoma, unaichomoa na kuipuliza. Kulikuwa na Tetris, iliyobuniwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, ambayo watu waliifahamu kama gemu ya matofali. Ikaja gemu ya nyoka kwenye simu za Nokia, iliyoanza na Nokia 6110 mwaka 1997. Nyoka akijing'ata, umekwisha.

Kisha zikaja PlayStation. Ile ya pili ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na hadi uzalishaji wake ulipokoma zaidi ya miaka 12 baadaye, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Mitaa mingi ya Afrika Mashariki mashine moja ilihudumia watoto wengi. Mwenye kibanda alikuwa na runinga, benchi na daftari, na sheria ilikuwa moja: anayefungwa anampisha mwenzake.

Ukizitazama vizuri, gemu zile zilikuwa na vizuizi ambavyo watoto hawakuvipenda lakini viliwasaidia. Fedha iliisha. Zamu iliisha. Umeme ulikatika. Giza liliingia na mama akaita kwa sauti iliyosikika nyumba tatu. Na hata usipoitwa, kulikuwa na watoto wanne nyuma yako wanaosubiri pedi.

Gemu nyingi za simu za leo zimetengenezwa kinyume chake. Kupakua ni bure, kwa sababu mapato yanatokana na muda na fedha atakazotumia mchezaji baadaye. Kila siku kuna zawadi ambayo usipoingia unaikosa. Ramani hazikomi, msimu ukiisha unaanza mwingine, na simu inalia kukukumbusha kwamba wenzako wako ndani. Nyingine huuza maboksi ya bahati, ambayo mtoto hulipia bila kujua atapata nini. Mwaka 2018 tume inayosimamia michezo ya kubahatisha nchini Ubelgiji ilitamka kuwa maboksi hayo katika baadhi ya gemu yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo.

Mzazi anaposema "sisi tulicheza gemu na hatukuharibika", anasema kweli nusu. Yeye alikuwa na kibanda kinachofungwa. Mwanawe ana kibanda kilicho wazi usiku kucha chini ya mto.

Bibi aliyekumbuka vizuri zaidi

Jumapili iliyofuata, bibi alikuja kuwatembelea. Baba akaanza hotuba yake mbele ya mwanawe: zamani sisi tulikuwa na nidhamu, tulicheza kidogo tukarudi kwenye vitabu.

Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Nani huyo alikuwa na nidhamu? Wewe si ndiye nilikutuma mafuta ya taa, ukaenda kucheza gemu na hela yangu? Tukalala giza siku ile. Nikakufuata kibandani na khanga moja, watu wote wananitazama."

Mtoto alicheka mpaka akalala kwenye kochi. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki tatu kucheka mbele ya baba yake.

"Kweli baba? Bibi alikupiga?"

"Alinipiga," baba akakiri.

"Sikumpiga sana," bibi akasema. "Nilimuuliza kwanza, kuna nini huko ndani mpaka unanisahau mimi?"

Kumbukumbu ina tabia ya kupepeta. Huacha utamu na kutupa pumba. Wazazi wengi husahau kwamba vibandani mulikuwa pia na moshi wa sigara, matusi, ugomvi wa fedha na watoto waliokimbia vipindi. Mzazi anayemlinganisha mwanawe na utoto uliopepetwa namna hiyo anampa mtihani ambao hata yeye hakuufaulu. Na mtoto hugundua.

Yule aliyejua kwamba baba yake naye alishindwa kuacha, alikuwa na sababu ya kuzungumza naye. Jioni hiyo, baba alilirudia swali la bibi kama lilivyo: "Kuna nini huko ndani mpaka usiku wote ule?"

Jibu lilimshangaza. Rafiki mkubwa wa mtoto, waliyesoma naye tangu darasa la kwanza, alikuwa amehamia Mwanza na wazazi wake mwanzoni mwa mwaka. Hakuwa na simu yake mwenyewe. Alikuwa akiipata ya kaka yake usiku, kaka akishalala. Ndiyo maana walicheza saa sita, saa saba, saa nane. Walicheza huku wanaandikiana.

Mtoto naye alikuwa amemkosa mwenzake.

Nini cha kufanya nyumbani

Kujua sababu hakuondoi tatizo. Mtoto wa miaka 12 anayelala saa nane usiku anaumia, hata kama anafanya hivyo kwa upendo. Chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kinashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Anayeamka saa kumi na mbili asubuhi kwenda shule anapaswa awe amelala saa tatu usiku.

Kwa wadogo zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema watoto walio chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Ikipungua ni bora. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, shirika hilo linashauri wastani wa angalau dakika 60 kila siku za kucheza au mazoezi yanayofanya moyo uende mbio.

Katika familia hii, wazazi walikaa na mtoto wakakubaliana mambo machache, na mengi yametokana na sheria za kibanda.

Kwanza, gemu iwe na mwisho unaojulikana kabla haijaanza. Kuhesabu mechi ni rahisi kwa mtoto kuliko kuhesabu dakika. "Mechi tatu" inaeleweka. "Nusu saa" inaleta ubishi, kwa sababu nusu saa inaweza kuishia katikati ya mchezo. Mzazi anayezima simu ghafla mechi ikiendelea anamfanya mtoto awaangushe wenzake, na hapo ndipo mlango unapobamizwa.

Pili, simu zote zilale sebuleni, pamoja na za baba na mama. Kanuni inayomhusu mtoto peke yake huwa haidumu.

Tatu, mzazi akae angalau mara moja kwa wiki aangalie mtoto anacheza nini na anacheza na nani. Kukaa kwa lengo la kuonywa na kukemea hakufai. Akae kama walivyokaa wenzake kwenye benchi, akiuliza na kushangilia. Hapo ndipo ataona kama kuna watu wazima wasiojulikana wanaomwandikia mwanawe, au kama kuna maboksi yanayouzwa, na ataondoa namba zake za malipo kwenye simu anayochezea mtoto.

Nne, urafiki utafutiwe saa yake. Baba alimpigia simu mzazi mwenzake wa Mwanza. Wakakubaliana kwamba Jumamosi saa kumi jioni, watoto wote wawili watapewa simu kwa wakati mmoja, mchana kweupe. Ilichukua dakika tano kupanga jambo lililokuwa limemkosesha mtoto usingizi kwa miezi.

Wakati wa kutafuta msaada

Si kila mtoto anayependa gemu ana uraibu. WHO iliingiza tatizo la uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na imeweka vigezo: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imepewa nafasi mbele ya mambo mengine ya maisha, na anaendelea hata baada ya kuona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa angalau miezi 12 na iwe imeharibu masomo, kazi au mahusiano yake.

Mzazi asisubiri miezi 12 kuomba ushauri. Mtoto akiacha kula, akiacha kuoga, akiiba fedha kwa ajili ya gemu mara kwa mara, akikataa shule au akizungumzia kujidhuru, apelekwe hospitali na mzazi aulizie kitengo cha afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii. Wakati mwingine gemu ni pazia tu, na nyuma yake kuna kuonewa shuleni, msiba ambao haukuzungumzwa, au ugomvi wa wazazi usioisha.

Na mzazi naye ajitazame. Anayekesha na simu kwa kisingizio cha kupumzisha akili, huku mkewe au mumewe akilala peke yake, anahitaji sheria zile zile.

Umeme ulipokatika

PlayStation ile haikurudishwa Kariakoo. Wiki kadhaa baadaye baba aliwapigia simu wenzake wawili wa kibandani, mmoja fundi bomba na mwingine mwalimu, ambao walikuwa hawajaonana kwa miaka. Wakaja Jumapili na watoto wao. Sebule ikajaa, sheria ikatangazwa: anayefungwa anampisha mwenzake. Mtoto aliyeichoka gemu ile kwa dakika ishirini alipanga foleni pamoja na wengine, akisubiri zamu ya kumfunga fundi bomba.

Alipoipata, akaongoza kwa bao moja. Zikiwa zimebaki dakika chache, umeme ukakatika.

Sebule nzima ilipiga kelele. Mtoto aliruka juu na pedi mkononi: "Nilikuwa naongoza! Baba, umeona, nilikuwa naongoza!"

Walisubiri kidogo gizani. Umeme haukurudi.

"Sasa baba, nyie zamani ukikatika hivi mlikuwa mnafanyaje?"

"Tulikuwa tunakaa nje," baba akasema, "tunabishana nani angeshinda."

Wakabeba mkeka, wakatoka nje. Ubishi uliendelea mpaka bibi akaita watu waje kula.